Vita Baridi vya Chumba cha Nyuma

Jumapili, 8 Machi

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi: fyuzi ya draya nimeichomoa mimi.

Iko ndani ya soksi yangu ya shule, ya mguu wa kushoto. Mama mdogo amehangaika na draya hiyo asubuhi nzima. Ameipiga makofi kama mtu aliyezimia, ameibembeleza, ameitukana kidogo. Haikuwaka. Mimi nilikuwa pembeni nakunja nguo. Uso wangu ulikuwa wa malaika.

Sijutii. Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Mambo yalivyo ni haya. Mama mdogo alikuja kukaa kwetu wiki mbili. Leo ni wiki ya kumi na moja! Alikuja na begi moja la nguo, viti vitatu, vioo viwili na draya ya kukaushia nywele, ile ya kusimama yenye kofia kubwa kama chungu. Akapewa chumba cha nyuma. Chumba CHANGU. Meza yangu ya kusomea ilitolewa uani, draya ikakaa mahali pake. Kitandani kwangu wanakaa wateja wanaosubiri kusukwa. Mimi nalala sebuleni, chini, miguu imeingia mvunguni mwa meza ya televisheni kama fundi aliye chini ya gari.

Ningevumilia. Lakini Ijumaa nina usaili wa chuo, kozi ya siasa za dunia, kozi pekee niliyoomba. Usaili wenyewe ni wa mdomo. Na mdomo wangu, mbele za watu, hufunga duka. Muhula wa mwisho nilisimamishwa mbele ya darasa nieleze mada. Nilisimama dakika nane bila kutoa hata "ee". Mwalimu akaniambia kaa, umetutisha. Kuna mahali pamoja tu duniani ambapo sauti yangu hutoka: chumbani kwangu, mlango umefungwa, nikizungumza na kioo cha kabati. Bila chumba hakuna mazoezi. Bila mazoezi hakuna chuo. Bila chuo nitafagia nywele za watu mpaka zangu ziote mvi.

Basi nimefungua kitabu. Ni cha maktaba, kinene kama tofali, na kina nadharia zote. Ya kwanza inaitwa uhalisia. Inasema juu ya nchi hakuna serikali nyingine ya kuziamua, hakuna polisi wa kumpigia simu, kwa hiyo kila nchi ijilinde kwa nguvu zake yenyewe. Nimeisoma mara tatu. Ni nyumba yetu hii hii! Mama ni muuguzi, anaingia zamu, anatoka zamu. Nikimlalamikia anafanya kama Umoja wa Mataifa: anasikitishwa, anazitaka pande zote mbili zijizuie, kisha anakwenda kulala.

Kwa hiyo nimejilinda. Bila draya hakuna saluni. Bila saluni ataondoka. Kesho jioni nitakuwa mbele ya kioo changu.

Jumatatu, 9 Machi

Balaa.

Kuna jambo sikulifikiria. Draya ikiwa nzima, kichwa kinakauka mara moja, mtu anakwenda zake. Draya ikifa, vichwa vinakauka kwa hewa. Na hewa haina haraka na mtu! Wanawake saba wamekaa chumbani kwangu tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, taulo mabegani, wakingojea upepo. Wanne kitandani. Mto wangu umelowa chapachapa.

Mmoja nimempa jina la Redio kwa sababu hazimwi. Nilipoingia kuchukua kitabu aliuliza, kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, kama huyu ndiye msichana wa kazi. Mama mdogo akamwambia akome, huyu ni mwanangu, mtoto wa dada yangu, msomi wetu, Ijumaa anakwenda kusailiwa chuo. Kisha akaharibu: ila kumtoa neno, shoga yangu, ni kama kukamua jiwe. Wakacheka wote saba. Redio akasema basi huko chuoni atakwenda kuwafundisha mabubu kunyamaza.

Nilikuwa na jibu. Jibu kali, la kukata mti. Nililipata jikoni, dakika ishirini baadaye, nikayaambia masufuria.

Saa tisa Mama mdogo akanitumia chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi mpaka kwenye kingo, kama nipendavyo. Nani alimwambia nipendavyo? Huu ni upelelezi. Nikaenda moja kwa moja kwenye kitabu, sura ya nguvu laini. Inasema nchi yenye akili haikupigi, inakuvuta. Inakuletea misaada, nyimbo, nafasi za masomo, tabasamu, mpaka unaanza kutaka inachotaka yenyewe.

Nimeigundua hila yake mapema. Chai niliinywa yote, na mkate nikaula wote. Si kwa kushawishika. Ni kupunguza akiba ya adui.

Jumanne, 10 Machi

Nchi dhaifu hutafuta muungano. Nimeutafuta.

Kaka yangu ni fundi umeme. Asubuhi kabla hajatoka nilimkabidhi karatasi, maana mambo mazito mimi huyaandika. Ibara mbili tu. Yeye asiiguse draya mpaka Jumamosi. Mimi nimpigie pasi mashati yake mwezi mzima. Akaisoma akiwa amesimama, akacheka puani, akatia sahihi.

Saa sita mchana nikasikia mngurumo chumba cha nyuma. Draya!

Alikuwa amepita nyumbani kuchukua bisibisi. Mama mdogo akamwomba aitazame. Akafungua plagi, akatoa fyuzi nyingine mfukoni, akaipachika. Dakika mbili. Nikaenda kusimama mbele yake, nikamtazama kwa nguvu zangu zote. Akaniuliza kama nimeingiwa na mdudu jichoni. Nikamnyooshea mkataba. Akasema yeye ni fundi, kitu kibovu kikimtazama hawezi kupita kama hajakiona, na isitoshe Mama mdogo ndiye anayemnyoa. Nikamwekea kidole penye sahihi yake. Akakubali. Akasema kweli kabisa, mkataba ni mkataba, mashati yako kwenye kapu.

Kitabu kinasema mataifa huvunja ahadi faida ikihama. Sawa. Hakisemi kwa nini aliyesalitiwa ndiye aliyeshika pasi mpaka jioni.

Nikamwendea Bibi. Kwa Bibi naweza kusema, taratibu, kwa sababu sikio moja halisikii vizuri. Nikamweleza mizania ya nguvu: mmoja akizidi kuwa mkubwa, wadogo huungana upande wa pili ili mizani isilale. Akasikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akasema mjukuu wangu, vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nikamuuliza kunguru hapa nani. Akasema, Mimi.

Ndipo nikaona amejifunika blanketi langu. Anasema alilikuta halina mwenyewe.

Zimebaki siku tatu. Leo sijasema hata sentensi moja mbele ya kioo. Nilijaribu chooni. Mtu akagonga.

Jumatano, 11 Machi

Vikwazo!

Katika nyumba hii mchemsha maji ni mimi. Kila asubuhi naijaza birika kubwa na sufuria mbili. Na msusi hawezi kazi bila maji ya moto: rasta zikimalizika huchovya ncha zake humo ili zisifumuke. Nilikuwa nimekaa juu ya silaha hii wiki kumi na moja bila kujua. Leo nikaweka vikwazo. Sikuvitangaza kwa mdomo. Nilivitangaza kwa kutowasha jiko.

Matokeo, kwa mpangilio wake.

Saa moja Bibi aliingia bafuni na maji ya bomba. Ukelele wake uliwaleta majirani wa pande zote mbili.

Saa mbili Mama alirudi kutoka zamu, akafungua chupa ya chai, akaipindua, akaitikisa. Akanitazama. Akaniwekea chupa tupu miguuni.

Saa tatu jirani mmoja, aliyekuja kwa sababu ya ukelele, alisikia kuna shida ya maji ya moto, akaleta chupa tatu zimejaa. Alipofika akaona vioo. Akakaa. Akasukwa. Kesho analeta binti zake wawili. Vikwazo vyangu vimemwongezea adui wateja watatu!

Mama aliita kikao akiwa bado na sare. Alilaani. Alilaani kwa nguvu, na safari hii hakulaani pande zote mbili. Akasema kama nina madai niyaseme. Niyaseme! Niliandika. Ibara ya Kwanza: chumba cha nyuma ni eneo langu, lina mamlaka kamili na mipaka inayotambuliwa. Ibara ya Pili: majeshi ya kigeni na viti vyake yaondoke kabla ya kesho saa sita. Ibara ya Tatu: mto wangu ufuliwe. Nikaipitisha karatasi chini ya mlango wa chumba cha nyuma nikabaki nimesimama nje.

Mama mdogo akaisoma kwa sauti! Mbele ya wateja! Kufika Ibara ya Tatu Redio alicheka mpaka ikabidi ashikwe kichwa, maana alikuwa katikati ya kusukwa.

Mama mdogo hakucheka. Alifungua mlango, kitana mdomoni, akaniuliza mamlaka kamili ni kitu gani hasa. Macho yote yakanigeukia. Ukurasa mzima ulikuwa kichwani mwangu, na tanbihi zake. Akangoja. Akangoja sana. Kisha akasema basi yeye anavyoona ni ubabe tu, mtu kung'ang'ania kitu na kununa.

Ubabe! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikafungua mdomo, likatoka neno moja: "Si." Redio akauliza si nini. Nikakimbia.

Nyuma yangu nikamsikia Mama mdogo akiwaambia kwa sauti ya chini muacheni, leo limetoka moja. Ananihesabia maneno! Mtu amekaa kwenye chumba changu, juu ya mto wangu, ananihesabia maneno!

Alhamisi, 12 Machi

Nitaandika yote.

Siku ya mwisho. Nikaamua kujenga ukuta. Jana jioni nilimshika Kaka, nikamwonyesha kapu la mashati na pasi iliyozimwa, akanielewa. Asubuhi akafunga kitasa kipya kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akimwambia Mama mdogo ni kwa usalama wa vifaa vyake. Mama mdogo akamshukuru sana. Ufunguo mmoja akampa yeye. Wa pili akanipa mimi. Fundi wa kuuzia pande zote mbili!

Saa nne rasta zikamwishia Mama mdogo katikati ya kazi, akatoka haraka kwenda dukani kuongeza pakiti. Chumba kimya. Kitanda kitupu. Nikaingia, nikafunga, nikazungusha ufunguo mara mbili kwa hasira. Nikasimama mbele ya kioo.

Na sauti ikatoka! Nilianza na sura ninayoipenda kuliko zote, mtanziko wa usalama. Nikakieleza kioo: nchi ya kwanza inajenga ukuta kwa sababu inaogopa. Haina nia mbaya na mtu. Lakini jirani yake haoni woga, anaona ukuta, naye anaongeza askari. Ya kwanza inaona askari, inaongeza mizinga. Kila moja inajilinda, kila moja inamwona mwenzake ndiye mchokozi, na mwisho wote wawili wako kwenye hatari kubwa kuliko siku ya kwanza. Nilisema vizuri. Nilisema kwa mikono. Nilikuwa nimefika kwenye mizinga ndipo mtu akauliza:

"Na kwa nini huyo wa kwanza asimuulize mwenzake?"

Nilikufa. Kweli kabisa, kwa muda fulani nilikuwa marehemu.

Chini ya kofia ya draya, taulo mpaka kidevuni, alikuwa amekaa mama mmoja mnene mtaratibu. Upande wa kulia rasta tupu, nadhifu. Upande wa kushoto nywele zimesimama kama zimeona simba. Alikuwa amesinzia akingojea hiyo pakiti. Akasema samahani mwanangu, endelea, ilikuwa tamu.

Nikarukia mlango. Ufunguo ukazunguka. Kitasa hakikuzunguka. Nikakaza. Ufunguo ukakatika, kichwa mkononi mwangu, mwili ndani ya kitasa.

Mama mdogo akarudi. Akagonga. Akaelezwa na mteja wake kupitia mlangoni. Kaka alikuwa kazini juu ya paa la watu, simu haipokei. Mtu mwingine angesema basi, tungoje fundi. Lakini wasusi wana sheria yao: kichwa kilichoanzwa hakiachwi nusu. Nikasikia ndoo inaburutwa uani. Mara uso wake ukatokea dirishani, nyuma ya nondo. Alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwambia mteja asogeze kiti, aegemeze kichwa dirishani. Akapitisha mikono kati ya nondo. Akaanza kusuka!

Huku anasuka akaniambia haya basi, aliporudi alinisikia kutoka uani, hiyo nchi ya kwanza ilifika wapi. Nikanyamaza. Akasema mbona yeye anaiona nchi hiyo ni jinga tu. Nikanyamaza. Akasema na hicho kitabu chako nacho, watu wazima kuandika kurasa mia sita kwamba majirani hugombana, si hata kuku wanajua?

Hapo nikapasuka.

Sikumbuki nilianza wapi. Nilimwambia nchi ile si jinga, ina hofu, na hofu si ujinga! Nikamwambia uhalisia si nadharia pekee, wapo wanaosema biashara na mikataba hupunguza vita, na wapo wanaosema uadui wenyewe ni jambo tunalojitungia vichwani kwa jinsi tunavyotazamana. Kila nilichosema alikigeuza chini juu. Nikisema mizania, anasema kumbe wapime kwa kilo. Nikimrekebisha, anakosea kwingine. Majirani wakajaa uani. Redio alikuja na kigoda. Rasta za upande wa kushoto ziliisha na mimi bado nasema. Mtu mzima hovyo! Saa nzima na nusu namfahamisha na hakushika hata neno.

Kaka alikuja alasiri, akashindwa kukifungua kitasa, akang'oa bawaba. Sasa chumba hakina mlango kabisa.

Yule mama mtaratibu wakati wa kuaga alinishika bega. Akaniambia mama yako mdogo alikuwa na saluni nzuri barabara kuu, miaka tisa. Barabara ilipopanuliwa ikabomolewa kwa siku moja, yeye akiwa ndani anakusanya vioo. Nilikuwa sijui! Nimemuuliza Mama kwa nini hakuna aliyeniambia. Anasema waliniambia mara tatu. Nilikuwa nasoma.

Inasikitisha, sikatai. Lakini kila dola linalovamia lina historia yake ya kusikitisha, iko sura ya nne.

Siku nzima imepotea. Kesho ni usaili na sijafanya mazoezi hata dakika moja.

Ijumaa, 13 Machi

Nimekasirika kuliko siku zote. Kalamu imetoboa ukurasa.

Mama alikuwa zamu. Mama mdogo akasema atanisindikiza yeye. Ijumaa ndiyo siku yake kubwa ya kazi. Aliahirisha vichwa vitano. Kwa nini mtu aahirishe vichwa vitano? Kuna anachokitaka. Kabla jua halijachomoza alinikalisha akanisuka. Nilikubali kwa sababu za kimkakati. Alisuka pole pole, haikuuma hata mara moja, na hilo nalo lilinitia wasiwasi.

Wasaili watatu nyuma ya meza ndefu. Mzee mwenye tai. Mama mwenye kalamu nyekundu. Mwingine mwenye kikohozi. Mlango nyuma yangu wa mbao nyepesi, hauzuii hata mawazo. Mzee akaniambia nijisikie huru, nieleze maana ya mamlaka kamili ya nchi.

Duka likafunga.

Niliuona ukurasa. Niliona mpaka doa la chai lililokuwa pembeni yake. Ulimi umelala. Saa ya ukutani ikawa inapiga kama nyundo. Mzee akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Kalamu nyekundu ikaandika kitu kifupi. Nikajua ni nini. Nikaanza kuona ufagio.

Ndipo nikamsikia. Koridoni! Sauti ile ile ya kushindana na draya! Anamweleza mlinzi wa mlangoni, eti mamlaka kamili maana yake mwenye nyumba haguswi, hata akiwaua wote waliomo ndani, na akitaka uwanja wa jirani anachukua tu. Na nchi mbili zikilingana nguvu, eti haziwezi kupigana kamwe, haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe. Mlinzi akamuuliza hayo kayasoma wapi. Akajibu, kwa fahari, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili:

"Kanifundisha mwanangu, huyo aliyemo humo ndani. Ndivyo anavyosema yeye!"

MIMI! Mimi niseme hivyo! Baada ya jana, saa nzima na nusu, dirishani!

Nikasimama. Nikasema, na sauti ilitoka kubwa mpaka mwenye kikohozi akaacha kukohoa: "Si kweli! Sikusema hivyo hata siku moja!" Nikawaeleza nilichosema. Mamlaka kamili maana yake hakuna wa nje wa kuiamulia nchi mambo yake, lakini inaishia kwenye mpaka wa jirani, na wengi sasa husema anayewaangamiza watu wake mwenyewe hawezi kujificha nyuma yake. Nikaingia kwenye mizania. Nikaingia kwenye vikwazo, na kwamba mara nyingi huwaumiza wasiokusudiwa. Mzee akasema asante, unaweza kukaa. Nikamwambia bado sijamaliza.

Mama wa kalamu nyekundu akauliza kama nadhani mtanziko wa usalama unatokea kweli. Nikaueleza wote, ukuta, askari, mizinga. Akaniomba mfano mdogo, wa karibu, wa maisha ya kawaida, wa watu wawili tu ambao kila mmoja anaudhania wema wa mwenzake kuwa uchokozi.

Nilifikiri sana. Sikuupata. Nikatoa mfano wa nchi mbili zinazogombea mto.

Nilipotoka Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, midomo imemkauka. Mlinzi alikuwa anampa maji. Akaniuliza kama nilisema. Nikamwambia ameniaibisha mbele ya watu wenye elimu na nisimsikie tena akilitaja jina langu pamoja na nadharia. Akasema pole mwanangu, pole sana, mdomo wangu mimi. Akageukia ukuta akajipangusa macho. Ajute!

Sikumsemesha njia nzima. Yeye alikuwa anaimba puani.

Jumamosi, 28 Machi

Ushindi! Ushindi wa pande zote!

Kwanza, chuo. Majina yalibandikwa Alhamisi na langu limo. Barua inasema alama zangu za kuzungumza zilizidi za wote waliosailiwa siku ile. Haya ndiyo matunda ya kusoma kimya kimya, kwa nidhamu, bila kusaidiwa na mtu.

Pili, adui ameondoka. Mama mdogo amepata chumba cha biashara jirani na hospitali ya Mama, na Jumatatu alihamisha viti, vioo na draya. Yaani vikwazo vyangu vimefanya kazi! Kitabu kilisema vikwazo huchelewa kuuma. Nilimwambia Bibi hivyo. Bibi akanirudishia blanketi, akasema shika, utalihitaji, una safari ndefu wewe.

Chumba ni changu. Kaka amerudisha mlango. Meza imerudi. Mto umefuliwa, na Mama mdogo ndiye aliyeufua, nadhani kama fidia ya vita.

Siku nne nimesimama mbele ya kioo. Wiki ya kwanza chuoni kila mwanafunzi mpya atazungumza mbele ya wenzake, kwa hiyo mlango nafunga, natazama mbele, nafungua mdomo. Hakitoki kitu. Kimya. Nadhani ni vumbi la kuhama.

Kwa hiyo leo nilikwenda saluni mpya. Sikwenda kumsalimia! Nilisema nimekuja kufagia, lakini nilikwenda kupeleleza. Adui aliyerudi nyuma ndiye wa kuchungwa. Sikuwa nimemaliza hata kona moja, Mama mdogo akamwambia mteja kwamba kura ya turufu ni ile anayopiga mtu aliyechelewa kufika kituoni. Ufagio ulinianguka. Ilinibidi nisahihishe. Wakauliza. Nikajibu. Wakabisha. Nikapanda juu ya kiti. Nilipotazama saa, saa mbili zimepita, sauti imenikauka, na sakafu bado imejaa nywele.

Sijawahi kuona mtu mzima anayekosea mambo mengi kiasi kile, tena yale yale niliyokwisha mfundisha. Haiwezekani ikawa bahati mbaya. Kuna mpango. Lazima kuna dola kubwa nyuma yake.

Nimeamua nitakwenda kila Jumamosi, na ikibidi Jumatano pia, mpaka nigundue anachotafuta kwangu. Huu ni ujasusi na lazima ubaki siri. Wewe unayesoma hapa, kama umefika mpaka mstari huu, tafadhali usimwambie mtu. Mama usimwambie, Bibi usimwambie. Na kuliko wote, usimwambie Mama mdogo. Masikini, hashuku kitu.